Barua kwa Nyokabi: Farasi Wako na Punda wa Guka

Nyokabi mwanangu,

Nimeipata picha ya mazishi ya yule jirani yako wa London. Nimeikuza mpaka nikayaona manyoya ya mbuni juu ya vichwa vya wale farasi weusi, na jeneza likionekana ndani ya vioo kama keki dukani. Unauliza kama ukiandika kwenye wasia wako kwamba siku yako nawe ubebwe na farasi, sisi huku nyumbani tutaona ni majivuno.

Kusema watasema. Watu wa Naivasha husema hata ukinunua mlango mpya. Hilo lisikusumbue. Linalonisumbua mimi ni kwamba unadhani ukishaandika, mambo yamekwisha. Maiti hana kura kwenye kamati ya mazishi. Kaka yako hucheka nikisema hivyo, lakini yeye siku ya kikao cha mazishi ya Guka, babu yenu, alikuwa nje anacheza mpira.

Unajua Guka na punda wake. Ulipanda mkokoteni ule ukienda kuteka maji, umekaa juu ya mitungi, na nguo ikarudi imelowa. Pengine hukuwahi kuona ile picha ya gazeti aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati: mazishi ya Martin Luther King kule Atlanta, Aprili 1968, jeneza juu ya mkokoteni wa shamba unaovutwa na nyumbu wawili, wale chotara wa punda na farasi. Guka hakuwa mtu wa kufuatilia mambo ya Marekani. Alichokiona pale ni mtu mkubwa, mwenye Tuzo ya Nobel, umati unamfuata kwa miguu, na aliyetangulia mbele ni mnyama wa kazi. Tangu hapo akawa anasema mezani, anasema sokoni, anasema hata nje ya kanisa: siku yangu ni Waziri atakayenipeleka. Waziri ulimjua, yule punda mwenye sikio lililochanika.

Basi akafa, kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mjomba wako wa Nairobi, maana ndiye mwenye marafiki wa kuchanga. Nikasimama nikaeleza alichotaka Baba. Kukawa kimya, halafu mtu akacheka kule nyuma. Mjomba wako akaniuliza, "Unataka watu waseme tulikosa pesa za gari?" Nikamwambia ni Baba mwenyewe aliyesema. Akasema Baba alikuwa anatania. Mzee mmoja wa kanisa akaongeza kwamba Bwana Yesu alimpanda punda akiwa hai. Watu wakaitikia amina, na hoja yangu ikaishia hapo. Likakodiwa gari la maiti la vioo kutoka Nairobi, lina vipaza sauti juu, dereva amevaa glavu nyeupe.

Na Waziri? Waziri alifanya kazi siku hiyo kuliko sote. Alibeba hema, akabeba viti vya plastiki, akabeba masufuria, tangu alfajiri. Wageni walipoanza kuingia, mshereheshaji akatoa amri kwamba punda asipite mbele ya watu. Nikamwona kijana akimzungusha Waziri nyuma ya choo cha jirani, masufuria yakigongana, na Baba yuko palepale uani ndani ya vioo vyake. Nyokabi, hilo bado linaniuma. Gari silisemi, lilikuwa zuri. Ni kule kuzungushwa nyuma ya choo.

Ingawa mjomba wako naye ana la kusema. Michango ilitoka kwa watu wake, na mtu aliyetoa pesa anataka kuona zimekwenda wapi. Aliye jenezani haoni gari. Wanaoliona ni wale watakaorudi nyumbani na kuzungumza. Huyo King mwenyewe, miezi 2 kabla ya kuuawa, alisema katika mahubiri kwamba hataki mazishi marefu. Kanda ya mahubiri hayo ikachezwa kwenye ibada ya kumzika. Walimsikia kwa sauti yake mwenyewe, kisha wakatoka naye kwa miguu hadi Chuo cha Morehouse, wakafanya ibada ya pili. Nani atawalaumu? Hawakuwa tayari kumwachilia. Labda na mjomba wako alikuwa hivyo, akilia kwa njia ya vipaza sauti. Labda. Lakini choo cha jirani!

Usiniambie habari ya maandishi, mimi niliyekula mshahara wa masjala ya mahakama. Wakati wa kesi ya S.M. Otieno hatukuwa na mazungumzo mengine. Wakili mzima, alikufa Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, akasema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, kule Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema mtoto wao anarudi Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari mpaka Mei 1987, Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo. Yule aliishi kwa sheria maisha yake yote. Na huko uliko usijidanganye: tangu hukumu ya mwaka 1882, sheria ya Uingereza inasema maiti si mali ya kurithisha, kwa hiyo ulichoandika kuhusu mwili wako hakimfungi msimamizi wa mirathi. Akitaka, anakuzika bila hata baiskeli.

Na farasi wenyewe wana maoni yao. Malkia Victoria aliacha maagizo marefu, hata weusi aliukataa, akataka mazishi meupe. Mwaka 1901 jeneza lilipofika Windsor, farasi wamesimama kwenye baridi mpaka wamechoka kungoja. Wakaruka, kamba zikakatika. Ikabidi mabaharia walivute kwa mikono lile gari la mzinga lililobeba jeneza. Wale mabaharia ulionitumia wakimvuta Elizabeth mwaka 2022, desturi yao ilianzia kwenye aibu hiyo.

Hata hivyo kuna Wangari Maathai, yule mama wa kupanda miti, naye ndiye hunivurugia hesabu. Alisema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Mwaka 2011 akalazwa kwenye jeneza la magugumaji, mafunjo na mianzi, akachomwa Kariokor, Nairobi, katika nchi ambayo kumchoma Mkristo bado kunawafanya watu washike vifua. Na ikawa, kwa heshima zote za serikali. Basi yule alipiga kura. Nilidhani ni kwa sababu aliishi hivyohivyo mbele ya macho ya watu miaka yote, asingeweza kuzikwa vingine. Lakini Guka naye aliishi hivyohivyo mbele ya macho ya watu miaka yote. Sasa sijui. Labda tofauti ni nani anacheka kwenye kikao, na nani anakataa kukaa chini akichekwa. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa na wewe bado mdogo, na mjomba wako ndiye alikuwa akilipa karo ya mdogo wangu.

Unataka niseme ndiyo au hapana kuhusu farasi. Jibu ninalo, na linaniwasha ulimi tangu nianze kuandika. Silisemi. Nikilisema, kaka yako atalipeleka kwa kamati neno kwa neno, na itakuwa mimi ndiye niliyeamua.

Andika ukitaka, ila msimamizi awe mtu mbishi. Kaka yako hapana, anapenda amani mno. Yule rafiki yako wa Kisii aliyegombana na konda wa matatu mpaka akarudishiwa chenji, huyo ndiye. Na kama ni kuzikwa huku, fahamu kwamba farasi ninaowajua mimi ni wale wa mbio za Ngong, ambao sidhani kama wamefundishwa kwenda polepole.

Halafu umeandika kurasa 2 nzima na hukuniambia bei.

Mama yako.