Unataka kufanya kazi na watoto wadogo? Nunua daftari kwanza

Kila Januari napokea barua za kuomba kazi, na karibu zote zinafungua na sentensi ileile: "Mimi ni binti ninayependa sana watoto." Siwacheki. Na mimi niliandika hivyohivyo mwaka 2009, nilipoomba kazi ya ulezi kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto mchana huko Tabata, Dar es Salaam. Nikapata. Siku ya tatu nikajifungia chooni nikalia.

Tulikuwa walezi wawili na watoto 28. Mwenzangu alikuwa nje anamsafisha mmoja aliyeharisha. Ndani, wawili wanagombania gari la plastiki, mmoja kamng'ata mwenzake shavuni, na sufuria la uji limefika mlangoni linafuka moshi. Kupenda watoto nilikuwa nawapenda, lakini upendo haukuniambia nianze na nani. Leo ningejua: unaanza na uji. Sufuria linarudi jikoni mpaka watoto wakae, kwa sababu uji wa moto ndio wenye kuleta kilio kisichotulizwa kwa pipi. Halafu unamfuata aliyeng'atwa. Gari la plastiki litajimaliza lenyewe.

Ila kosa langu kubwa lilikuja mwaka uliofuata, na ndilo lililonifundisha kazi.

Kulikuwa na mtoto wa miaka minne, nitamwita Juma ingawa si jina lake. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukiita majina, haitikii. Nikamweka kwenye fungu la wakaidi, na kwa karibu wiki tatu alikuwa anakaa mkeka wa pembeni peke yake, adhabu. Mama yake nikamwambia mtoto ana kichwa kigumu, naye akaniamini, akaenda kumchapa nyumbani. Siku moja mama wa jikoni akaniita pembeni. "Ticha, huyu mtoto nikigonga sufuria wenzake wote wanageuka. Yeye hageuki mpaka awaone wenzake wamegeuka." Alikuwa ameyaona hayo kupitia dirisha la jiko, huku anakoroga uji. Mimi niliyekuwa naye chumbani kutwa nzima sikuwa nimeona kitu. Hospitali walikuta masikio yote mawili yana usaha wa muda mrefu.

Yule mama hakuwahi kusoma chuo chochote cha malezi. Alikuwa na macho tu.

Tangu hapo natembea na daftari dogo la kurasa 40 kwenye mfuko wa dera, na kanuni yake ni moja: unaandika ulichokiona, huandiki ulichofikiri. "Mkaidi" ni fikra. "Saa 3:20 asubuhi, nimemwita mara tatu akiwa amenipa mgongo, hakugeuka" ni jambo lililoonekana. Neno la kwanza linakupeleka kwenye fimbo, sentensi ya pili inakupeleka kliniki. Maria Montessori, Mwitalia ambaye mbinu zake za kufundisha watoto wadogo zinabeba jina lake, na aliyefungua shule yake ya kwanza, "nyumba ya watoto", mjini Roma mwaka 1907, alikuwa daktari kabla ya kuwa mwalimu, na mimi sioni kama ni bahati tu. Daktari anamtazama mgonjwa kwanza, dawa baadaye.

Serikali nayo ina jina la jambo hili. Katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu tumboni mpaka miaka minane, mambo matano yametajwa: afya, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho watu wanalipita haraka kwenye semina kwa sababu linasikika kama maneno ya makaratasi. Maana yake ni nyepesi: mtoto anatoa ishara, wewe unaiona, unaijibu. Usipoiona huna cha kujibu.

Ujuzi mwingine nautaja kwa kifupi, maana mwingi utaupata kazini. Sauti, kwa mfano. Ukipandisha na wao wanapandisha, mpaka jioni koo limekauka. Mimi nikitaka wanisikilize nainama nanong'ona, na wale wa mbele wanawanyamazisha wa nyuma. Kuinama ni kwa magoti, si kwa mgongo. Kiuno changu kimeshalipa gharama ya kutojua hilo. Kinyaa nacho ukiache nyumbani. Utafuta kamasi, matapishi na mavi, na utafanya hivyo bila kukunja uso, kwa sababu mtoto anausoma uso wako kabla hajajua kusoma chochote.

Huduma ya kwanza si ya hiari. Niliwahi kuona mtoto wa miaka miwili kapaliwa na karanga. Mlezi mgeni akaanza kumwingiza kidole mdomoni, jambo ambalo lingeweza kuisukuma karanga ndani zaidi. Mwenzetu aliyekuwa na mafunzo akamnyang'anya, akamlaza kifudifudi mapajani, kichwa kikiwa chini ya kifua, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne likaitoa. Msalaba Mwekundu wanafundisha mambo haya. Usisubiri mwajiri akulipie. Na karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, hata kama bibi yake ndiye aliyezifunga kwenye kitambaa.

Saa ya kuwakabidhi jioni ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Wazazi wamechoka, bodaboda zinapiga honi, na anakuja kijana mchangamfu: "Mimi ni mjomba wake, mama kanituma." Mtoto mwenyewe anamchekea. Kama jina lake halipo kwenye daftari la wanaoruhusiwa, mtoto haondoki mpaka nimpigie mama. Nimeshatukanwa kwa hilo, na mjomba mmoja wa kweli alininunia mwaka mzima. Poa tu.

Halafu kuna wazazi. Hakuna anayekuambia chuoni kwamba nusu ya kazi ni kuzungumza na watu wazima. Baba wa mtoto wa miaka mitatu atakuja kukuuliza mbona mwanawe hajaanza kuandika, wakati wa jirani anahesabu mpaka 100. Ukimwambia "anajifunza kwa kucheza" ataona unakula ada yake bure. Mimi namkaribisha kwenye kiti kidogo, namwaga vizibo vya soda mezani, namwambia mwanawe, "Mpe baba vitano." Mtoto wa jirani anayeimba mpaka 100 mara nyingi hapo anajaza kiganja tu bila kuhesabu. Yule wa vizibo akihesabu vitano, ametoa vitano kweli. Baba akishaona, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anaiacha isubiri vidole vikomae.

Sasa njia za kuingilia. Ukiwa na cheti cha kidato cha nne kuna vyuo vya ngazi ya cheti na diploma katika elimu ya awali na malezi ya watoto. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa sababu mitaani kuna "kozi za ulezi za miezi mitatu" ambazo cheti chake kinafaa kufungia vitumbua. Ukimaliza kidato cha sita, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wana shahada ya elimu ya awali. Anayevutwa na watoto wenye mahitaji maalumu aulizie Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na anayependa upande wa ustawi kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Wala usifikiri ni darasa tu: muuguzi wa wodi ya watoto, afisa lishe, mtaalamu wa tiba ya viungo, wote hao hufanya kazi na watoto. Na dada wa nyumbani pia. Nimekutana na madada wanaojua kumsoma mtoto kuliko wenye shahada, na wanalipwa kama vile wanachunga ndoo.

Ukifika mahali unapoombea kazi, uliza na wewe. Kituo kimesajiliwa ustawi wa jamii, kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka? Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Kwa darasa la awali, kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na hata hao ni mzigo. Kwa wanaotambaa hesabu hiyo ni hatari. Choo cha watoto kiko wapi, na nani anakwenda nao? Meneja akikasirika kuulizwa, umeshapata jibu.

Pesa sitakudanganya. Nilianza na Sh80,000 kwa mwezi, nauli juu yangu. Zilipanda baada ya cheti, zikapanda tena nilipoanza kufundisha walezi wapya, lakini sijui mlezi aliyejenga ghorofa. Kama lengo ni mshahara wa haraka, tafuta kwingine bila kinyongo.

Wanaume nao huniandikia wakiuliza kama watachekwa. Mtachekwa, hasa na mashangazi. Lakini tulikuwa na kaka mmoja aliyedumu miaka mitatu, na mpaka leo kuna watoto wanaomuulizia. Kwa usalama wake na wa watoto, milango ilikuwa wazi na hakuna aliyekwenda chooni na mtoto peke yake, iwe yeye au sisi. Kanuni ya wote, si ya mwanaume.

Kabla hujalipa ada ya chuo, tafuta kituo kilicho karibu nawe ukajitolee wiki mbili. Siku ya kwanza usiguse kitu. Kaa pembeni na daftari, chagua mtoto mmoja, umwandike nusu saa: anakaa na nani, anakula kwa mkono gani, anageuka akiitwa au la. Ukichoka dakika ya kumi, ni bora ujue sasa. Vaa viatu vya chini, hereni ziache nyumbani, na ubebe kanga mbili. Ya kwanza itatapikiwa kabla ya saa nne.