Windows Haijafutika, GRUB Imeificha Tu

Juzi kijana mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Kaka, nimepandisha Ubuntu toleo jipya, Windows imefutika. Nifanyeje?" Haijafutika, mdogo wangu; GRUB, programu inayotoa menyu ya kuchagua mfumo kompyuta ikiwaka, imeificha tu. Jioni hiyohiyo ikarudi, akanimwagia shukrani, nami donda la zamani likatoneka.

Kuna stationari moja Nyegezi niliyoiwekea Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, kando ya Windows. Mwenyewe alinisifu kwa kila mteja. Siku alipopandisha toleo, menyu ikabaki na Ubuntu peke yake. Kabla sijafika akaita fundi mwingine, akapiga format diski nzima, mafaili ya wateja yakaenda na maji, kisha mtaani ikasemwa mimi ndiye niliyeua mashine. Mpaka leo nikipita pale naitwa "fundi wa Linux" kwa kicheko. Mimi!

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, os-prober, programu inayotafuta mifumo mingine kwenye diski, huja imezimwa kwa sababu za usalama. Fungua terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `sudo nano /etc/default/grub`, weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, hifadhi, kisha `sudo update-grub`. Usihariri `grub.cfg` yenyewe, faili la menyu, maana `update-grub` huiandika upya na jasho lako linapotea.

Ukiwa humohumo, weka `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=5` ili menyu ionekane. Kuna ofisi ya dagaa Kirumba ninayoihudumia: dada wa mahesabu anataka Windows, kijana wa jioni anataka Ubuntu. Niliwawekea `GRUB_DEFAULT=saved` na `GRUB_SAVEDEFAULT=true`, mashine inakumbuka chaguo la mwisho. Umeme ukikatika wakati Ubuntu ndiyo kwanza inaanza kuwaka, safari inayofuata menyu husubiri sekunde 30; `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=5` inapunguza, na baada yake ni `update-grub` tena.

Vijana wenzangu wa Mwanza, tunataka kuitwa mainjinia, lakini kunakili faili kabla ya kuligusa tunaona uvivu! `sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.bak`, basi. Someni. Acheni kukimbilia format kila menyu ikibadilika sura. Mafaili ya mtu ni riziki yake.

Na `update-grub` ikimaliza, soma ilichoandika kabla hujazima. Ukiona "Found Windows Boot Manager", dai hela yako.