Silabi na mkazo katika Kiitaliano

Ukikata neno pasta katika silabi, ni pa-sta, si pas-ta. Kwenye maandishi ya Kiitaliano, s ikifuatwa na konsonanti nyingine huenda nayo silabi inayofuata: fi-ne-stra, que-sto. Zinazokatwa katikati ni konsonanti pacha (gat-to, pal-la), pia cq (ac-qua), na l, m, n au r ikitangulia konsonanti nyingine: por-ta, can-to. Wanafonolojia (wataalamu wa mfumo wa sauti za lugha) wengi husema kimatamshi s hiyo hufunga silabi iliyotangulia (pas-ta), lakini ukikata neno mwishoni mwa mstari, andika pa-sta.

Mkazo ndio unaotuponza sisi Waswahili, maana tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno mengi ya Kiitaliano hufuata njia hiyo, ila mengine mengi, tena ya kila siku, husogea nyuma zaidi: NA-po-li, TA-vo-lo, te-LE-fo-no, hata A-bi-ta-no. Alama ya mkazo juu ya vokali ni lazima pale mkazo unapoangukia silabi ya mwisho ya neno lenye silabi zaidi ya moja, kama città na perché. Kwingine kwa kawaida haiandikwi, kwa hiyo angalia kamusi ya Kiitaliano. Huonyesha mkazo kwenye kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa.