Tumbo kunguruma mchana wa saumu, kuharisha ukiitwa na bosi: je, ni vidonda?

Ndugu wa Kawempe, waalaikumu salaam. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kwa nini tumbo linanguruma adhuhuri ukiwa umefunga, kwa nini ukifuturu vya mafuta unavimbiwa mpaka daku halipiti, na kwa nini kila ukiitwa na mkubwa wako kazini lazima kwanza ukimbilie choo. Jirani kakwambia ni vidonda vya tumbo, na sasa unameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, mwezi wa tatu bila kupimwa. Mimi ni muuguzi, kwetu ni Bombo, na miaka yangu mingi imepita wodi ya upasuaji. Nakujibu kwa niliyoyaona humo.

Kwanza ujue kwamba njia ya chakula ina mishipa ya fahamu yake yenyewe. Ndani ya kuta zake, toka kwenye umio hadi mwisho wa utumbo mpana, zimo seli za fahamu zaidi ya milioni 100, na zinaweza kusukuma chakula hata ubongo usipotoa amri. Kazi ya ubongo ni kuongeza au kupunguza mwendo. Neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kichwani kupitia shingoni na kifuani, ndiyo inayochochea. Mishipa mingine inayotokea kwenye uti wa mgongo, ile inayoamka mtu akishtuka au akiumia, hupunguza.

Wodini jambo hili halihitaji kitabu. Matumbo yakishashikwa na mikono ya daktari wa upasuaji, hunyamaza. Unaweka stetoskopu karibu na kitovu, unasikiliza: kimya kabisa. Kesho yake pengine unasikia mlio mmoja mdogo, unasubiri, unasikia mwingine. Ndugu wa mgonjwa huinamisha macho ninapomwuliza mtu mzima mbele ya wakwe zake, "Mzee, upepo umetoka?" Lakini jibu hilo nalingojea kwa hamu, maana upepo ukitoka, utumbo umeamka. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji huwa tunawapa chingamu watafune. Kinywa kikitafuna, ubongo hupokea habari kwamba chakula kinakuja, vagasi inachochewa, na utumbo huamka mapema zaidi. Jambo hili limechunguzwa mara nyingi na limeonekana kusaidia.

Ndiyo hali yako dakika chache kabla ya magharibi, sambusa zikiwa kwenye karai. Mate yanajaa na asidi inaanza kumwagika tumboni kabla hujagusa tende. Karibu theluthi moja ya asidi ya mlo huanzishwa hivyo, kwa harufu, kuona na kutafuna. Ivan Pavlov wa Urusi alilichunguza hilo kwa mbwa, na mwaka 1904 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula.

Sasa huo mngurumo wa adhuhuri. Tumbo likiwa tupu, homoni (kemikali inayobeba habari kwa njia ya damu) iitwayo motilini huanzisha wimbi la mikazo kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi. Wimbi hilo huanzia tumboni na kufagia mabaki yote hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Ukila, linakatika. Kwa hiyo kunguruma kwa mtu aliyefunga ni usafi unafanyika, na peke yake si dalili ya vidonda. Njaa yenyewe ina homoni nyingine, grelini, inayopanda karibu na saa ulizozoea kula. Ndiyo maana siku za mwanzo za Ramadhani saa ya chakula cha mchana hukusumbua kuliko alasiri.

Kuvimbiwa ni habari ya mafuta. Mafuta yakifika mwanzo wa utumbo mwembamba, pale hutoka kolesistokinini. Homoni hii inakamua mfuko wa nyongo, inaliamuru kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, litoe vimeng'enya vya kusaga chakula, na inalizuia tumbo lisiteremshe chakula kwa haraka. Sambusa, nyama ya kukaanga na gurusa (mkate mwembamba wa Kinubi) yenye mchuzi mzito vikiliwa kwa kikao kimoja, vitakaa. Anza na tende, maji na uji, nenda ukaswali, halafu urudi ule kidogo kidogo. Mimi nafanya hivyo na daku nalila.

Homoni zenyewe ziligunduliwa hapo hapo kwenye utumbo. Mwaka 1902 jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi humo. Kongosho likatoa maji yake vilevile! Habari ilikuwa imepita kwenye damu. Wakaiita sekretini, kazi yake ni kulifanya kongosho litoe maji ya kuzimua asidi. Neno homoni lenyewe Starling alilitumia miaka mitatu baadaye.

Kuharisha ukiitwa na mkubwa ni hofu. Hofu huchelewesha tumbo la juu na kuharakisha utumbo mpana, ndiyo maana chai haishuki huku choo kinakuita. Ukiwa umetoka kula, ni zaidi, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao husukuma.

Kuhusu dawa, usiikate ghafla. Asidi ikipungua kwa muda mrefu, mwili hupandisha gastrini, homoni inayodai asidi zaidi. Ukiacha kwa siku moja, asidi inaweza kurudi kwa wingi, nawe utaapa kwamba vidonda vimezidi. Nenda kituo cha afya uombe kipimo cha bakteria wa vidonda, cha choo au cha pumzi, na useme wazi kwamba unatumia omeprazole, kwa kuwa inaweza kuficha bakteria hao. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, na mhudumu ndiye atakayekupangia namna ya kuiacha. Lakini ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama umefunga.