Miaka Mitatu na Vyuma Mgongoni: Kabla Hujasaini, Nisikilize

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia usiku wa manane. "Kaka, shikamoo. Daktari kasema nifungwe vyuma kiunoni. Mama anasema nikikubali sitatembea tena. Wewe ulifanyaje?" Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama jikoni, nakunywa maji, na nilipofika kwenye neno vyuma mkono ukaenda wenyewe nyuma, kwenye mshono. Miaka mitatu sasa, bado mkono unaijua njia.

Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka. Basi lisomeni wote, maana humu wengi wetu tunakula kwa mgongo, wa kukaa au wa kubeba, na ukiumwa unachotaka ni kimoja tu: urudi kazini.

Mimi nilikuwa dereva wa malori. Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Lubumbashi, kurudi na shaba. Miaka kumi na minane. Anayeujua mlima wa Kitonga na foleni ya mpakani, ile ya kulala siku tatu kwenye kiti, hahitaji maelezo. Kiuno kwa dereva ni kama vumbi, hakuna anayekihesabu. Unameza diklofenaki, mwenzako anakuchua, unakanyaga mafuta. Miaka minne ya hivyo nairuka, haina jipya. Niseme tu kwamba kuna fundi wa kuchua alinipanda mgongoni kwa miguu yote miwili nikamlipa na kumshukuru, na kuna zahanati moja ilinichoma sindano za maumivu kwa mwaka mzima bila mtu hata mmoja kuniambia nivue viatu, aangalie miguu. Hilo bado linanichoma kuliko sindano zenyewe.

Siku niliyojua mambo yameharibika nilikuwa Ilula. Nimesimamisha gari, nimeshuka kununua nyanya, navuka barabara. Kijana muuza nyanya akaniita: "Mzee, ndala yako!" Nikageuka. Ndala ya mguu wa kushoto ilikuwa katikati ya lami, hatua tano nyuma yangu. Nilikuwa nimetembea peku na sikujua. Kidole gumba nilikishika, nikakifinya, nikaona ni kama nafinya kidole cha mtu mwingine.

Daktari niliyepelekwa baadaye hakuanza na mashine. Aliniambia nitembee kwa visigino, vidole viwe juu. Mguu wa kulia ukatii. Wa kushoto vidole vikaanguka kama jani la mgomba lililopigwa jua. Ndipo zikaja picha, eksirei kwanza kisha MRI, ile mashine inayoonyesha hata mishipa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kiuno kina pingili tano, ile mifupa ya uti wa mgongo iliyopangana. Ya tano, ya chini kabisa, ilikuwa imeteleza mbele juu ya mfupa unaoibeba. Ufa uliosababisha hayo huenda niliupata nikiwa kijana, na mshipa wa fahamu unaopita hapo kuelekea kidole gumba ulikuwa umebanwa.

Alichosema baada ya hapo nakiandika kama nilivyokielewa, kwa sababu ndicho kiini cha makala hii. Vyuma havitibu maumivu. Wakikufungua wanaupa mshipa nafasi, halafu wanaweka skrubu na fimbo kuzuia pingili mbili zisitembee, na katikati wanapanga vipande vya mfupa wako mwenyewe. Mfupa ndio unaofanya kazi. Unaota polepole, miezi sita, wakati mwingine mwaka na zaidi, mpaka pingili mbili zinakuwa kitu kimoja. Usipoungana, chuma kinachoka: skrubu inalegea au fimbo inakatika. Kwa lugha yetu ya barabarani, vyuma ni jeki. Hakuna dereva anayefunga safari gari likiwa kwenye jeki.

Kisha akaninusa. "Unavuta?" Navuta, nikasema, usiku tu, nisisinzie. Akafunga faili. Akasema sigara inaunyima mfupa damu na hatanipa tarehe mpaka niache. Nilimkasirikia sana. Nilitoka pale nikavuta moja nje ya geti, nikavuta na ya pili. Ilinichukua miezi miwili, na aliyenisaidia ni mke wangu aliyekuwa ananinusa vidole kila jioni kama askari wa mpakani. Leo vijana wananiuliza siri ya kupona kwangu nikiwaambia sigara wanacheka. Chekeni. Picha yangu ya mwaka mmoja inaonyesha mfupa umeungana mwanzo hadi mwisho, na daktari aliwaita wanafunzi wake waje kuiona.

Kwa tajiri wangu nilipeleka barua ya hospitali mwenyewe. Aliisoma, akaniangalia nilivyosimama, akasema mgongo ni ugonjwa wa watu waliochoka kazi. Miaka kumi na minane, ajali hata moja sina. Gari akampa mtu mwingine wiki ileile. Na kaka yangu wa tumbo moja akaandika kwenye grupu la ukoo kwamba watu wachange "kama wana nafasi", kwa sababu hata yeye mgongo unamuuma na anaamka. Nimemsamehe. Ule ujumbe sijaufuta.

Niliuza bajaji, upasuaji ukafanyika.

Sitawadanganya kuhusu siku za mwanzo. Unalazwa kifudifudi saa kadhaa, unaamka uso umevimba na mrija wa mkojo upo. Kesho yake wanakusimamisha. Unafundishwa kugeuka kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja, na kuamka kwa ubavu. Unapewa makatazo matatu: usiiname, usinyanyue, usijipinde. Lakini hakuna aliyeniuliza choo cha nyumbani kwangu kikoje. Cha kwetu ni cha kuchuchumaa! Nimefika nyumbani, dawa za maumivu zimefunga tumbo siku ya nne, nimesimama mlangoni mwa choo na magongo mawili nalia kimyakimya. Jirani yangu fundi seremala akachukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa msumeno, akazungushia kingo kitambaa. Kiti kile ninacho hadi leo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya dua na kabla ya michango: tengeneza choo. Na acha sigara.

Wiki ya sita maumivu ya mguu yalikuwa yamekwisha kabisa. Ya kiuno yalikuwepo. Mwezi wa nne yapo. Nikaanza kuamini wanaosema kama mama wa msomaji wetu wana haki. Usiku, nimelala chali na mto chini ya magoti, ndipo nikaanza kusoma kwa simu. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 349 wenye maumivu sugu ya kiuno, watu ambao hata madaktari wao hawakuwa na hakika kama kisu ndicho kinachowafaa. Kundi moja walipangiwa kufungwa pingili, kundi jingine mazoezi makali na mafunzo ya kuishi na maumivu. Baada ya miaka miwili wote walikuwa wamepata nafuu, na waliopasuliwa waliwazidi wenzao kidogo mno. Niliisoma mara tatu nikasema, sasa mimi bajaji yangu?

Lakini mimi nilikuwa na mguu unaokufa na pingili iliyoteleza, na mguu ule umerudi. Leo natembea kwa visigino vyote viwili. Kiuno chenyewe kilianza kutulia nilipoanza kutembea kila alfajiri, kwanza hadi msikitini na kurudi, kisha hadi stendi, baadaye saa nzima. Upasuaji ulinipa mguu. Kiuno nimekitafuta mwenyewe, kwa ndala zilezile.

Kwa hiyo ndugu zangu, swali si kupasuliwa au kutopasuliwa. Muulize daktari: unafunga pingili ipi, na kwa sababu gani? Akikuonyesha pingili inayotembea na mshipa uliobanwa, na dalili za mguuni zinakubaliana na picha, mna la kuzungumza. Akisema tu diski, yale mato laini kati ya pingili, zimechakaa, tulia, tafuta daktari wa pili. Ukifika umri wangu na kupigwa picha utakutwa na diski zilizochakaa hata kama huumwi popote. Watu wanauza mashamba kwa ajili ya picha! Tunaogopa kumuuliza daktari swali, fundi wa injini tunamhoji saa mbili. Uliza. Na sigara, narudia.

Lipo jambo moja lisilosubiri maswali: ukiona ganzi sehemu za siri na kwenye makalio, au mkojo hautoki, au unatoka bila kujua, au miguu yote miwili inalegea, nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo. Hapo hakuna kuchuliwa na hakuna kungoja mshahara.

Mnaoniuliza kama ni lazima India: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wanafanya upasuaji wa uti wa mgongo hapahapa Dar. Anzia hapo. Na mjue kwamba pingili mbili zikishafungwa, ya juu yake inabeba mzigo zaidi, kwa hiyo nayo inaweza kuchakaa miaka ijayo. Ndiyo maana sikurudi kwenye malori. Nina duka la vipuri, nakaa dakika ishirini nasimama, na wateja wamezoea kuhudumiwa na mtu anayetembeatembea nyuma ya kaunta.

Sasa mdogo wangu uliyeniandikia: vua viatu, tembea kwa visigino kutoka mlangoni hadi dirishani, mkeo akuangalie vidole. Chochote mtakachoona, mweleze daktari wako, kisha uniandikie. Picha za MRI usinitumie, mimi ni dereva.