'Grade' ya kibaoni na 'grade' ya mtoto

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Kigoma, sasa naishi Ohio na familia yangu na ninasomea leseni ya malori makubwa. Neno 'grade' linanichanganya. Mwanangu yuko 'third grade', na juzi kaja na 'grade' B ya hesabu. Trei ya mayai imeandikwa 'grade A'. Pampu ya petroli inaniambia nichague 'grade'. Kamusi yangu inasema ni daraja. Sasa kitabu cha udereva kina kibao cha 'steep grade 7%'. Je, ni daraja gani hilo la asilimia? – Msomaji, Ohio

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na kibao, maana yai ukilikosea halikuui.

Hakuna daraja mbele yako. Kuna mteremko mkali. Wamarekani huita mwinamo wa barabara au reli 'grade', na asilimia ni kipimo chake: kila ukienda mita 100 mbele, barabara imeshuka mita 7. Usichanganye na nyuzi. Asilimia 7 ni kama nyuzi 4 tu, na ukisimama kando ya barabara utaona ni kitu kidogo. Hapo ndipo madereva wageni wanapokosea. Mteremko huo ukiendelea kwa maili 3, mwisho wake utakuwa umeshuka takriban mita 340, na lori lililojaa huko Marekani hufika pauni 80,000, zaidi ya tani 36. Magharibi ya jiji la Denver, jimbo la Colorado, kwenye barabara kuu ya I-70, malori hutoka kwenye handaki la Eisenhower lililo mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka kwa asilimia 7 hiyo hiyo.

Nalisemea hili kwa uchungu. Kabla sijashika chaki nilikuwa utingo wa lori la mbao, kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam, na njia hiyo hushuka mlima Kitonga. Dereva wangu alikuwa akisimama juu kabisa, anashuka, anazunguka gari, anagonga matairi, ndipo anaweka gia nzito na kuanza kushuka polepole kama anayebeba maji kichwani. Siku moja nilimwuliza kwa nini hasubiri gari likianza kukimbia ndipo apunguze gia. Akaniambia, "Dogo, likishakimbia gia haiingii." Chini ya mlima huo nimeona mabaki ya magari ya watu ambao hawakufundishwa hivyo.

Kitabu chako nacho kinasema hayo hayo. Gia ndogo huwekwa kabla ya kuanza kushuka. Injini ndiyo ishike gari, na breki iwe msaidizi. Kama mwendo salama ni maili 40 kwa saa, kanyaga breki sawasawa hadi gari lifike 35, achia, lirudi 40, kanyaga tena. Ukiing'ang'ania breki njia nzima itapata moto, na breki yenye moto haishiki.

Kuna mtego mwingine. 'Grade crossing' si kivuko cha mlimani. Ni mahali reli inapokata barabara kwa usawa mmoja, bila daraja juu wala chini. Hapo neno limebeba maana ya usawa wa ardhi. Ndiyo maana lile tingatinga refu lenye kisu tumboni tunaliita greda: kazi yake ni kuiweka barabara kwenye mwinamo unaotakiwa, ukiwa mkali au ukiwa bapa.

Neno moja linawezaje kubeba yote haya? Asili yake ni Kilatini, 'gradus', yaani hatua. Mtoto akipanda hatua shuleni, ni gredi. Bidhaa zikipangwa hatua kwa hatua kwa ubora, ni gredi. Ardhi ikipanda au kushuka, ni gredi pia. Digrii ya chuo kikuu imetoka shina hilo hilo, na hata ile sentigredi ya joto: hatua mia.

Kamusi yako haikudanganya, ilikatisha safari tu. Daraja letu, tulilolipata kwa Waarabu, nalo lilianza kama kipandio cha ngazi, likapanda likawa cheo: mwalimu wa daraja la tatu A, cheti cha daraja la kwanza. Lakini kwetu likaenda pia mtoni likawa kivuko, halikwenda mlimani. Mlimani tuna mteremko, mwinuko na mwinamo, maneno yetu wenyewe ya kutosha, na sioni sababu ya kuyaacha.

Mengine ni mepesi. Gredi ya mayai hutazama ubora wa ndani na ganda, AA ikiwa juu kabisa, kisha A, kisha B. Ukubwa wa yai huandikwa peke yake. Kwenye pampu ni namba za okteni, yaani kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo wa injini bila kujiwakia mapema, 87 ndiyo ya kawaida na ya bei ya chini, na kama kitabu cha gari lako dogo hakidai zaidi, usilipie zaidi. 'Third grade' ni darasa la tatu, basi.

Na hiyo B: shule nyingi za huko hutoa A, B, C, D, kisha huruka hadi F, ambayo ni kufeli. Kwa hiyo gredi ya mwanao ni ya pili kutoka juu, katika hesabu alizosomeshwa kwa lugha ya ugenini. Mpe pongezi zake leo leo. Kisha chukua kalamu, fungua kamusi yako, na pembeni ya 'daraja' uandike kwa mkono wako: mteremko.