Jukwaa, sinema au runinga: barua kwa mwanangu

Tudor, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Babako anakusalimu, na nyanyako kila siku yuauliza utashuka lini Mombasa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Unaniuliza mwigizaji anapimwa wapi: jukwaani, kwenye sinema au kwenye runinga. Wenzako wanakwambia jukwaa ni la waliokosa pa kwenda. Sasa umepewa nafasi kwenye tamthilia ya runinga, mistari michache tu, na lile kundi lenu la kuigizia wanafunzi vitabu vinavyotahiniwa linataka kujua kama utakuwa nao muhula ujao. Ukamtaja na Viola Davis, yule mwigizaji Mmarekani mweusi, kwa kuwa wajua ninavyompenda. Ukasema: yeye amechukua tuzo kila mahali, ipi ndiyo iliyomfanya awe Viola?

Nikujibu bila kuzunguka: ni jukwaa, na jukwaa lilimfanya kabla ya tuzo yoyote. Usinichukulie kuwa naidharau runinga, maana nayo ilimpa kitu ambacho jukwaa na sinema hazikumpa. Nitakufikisha huko.

Nianze na mhusika mmoja aliyemcheza, Rose. Yumo katika Fences, tamthilia ya jukwaani ya mwandishi August Wilson, kuhusu familia ya mzoa taka wa Pittsburgh katika miaka ya 1950. Rose ni mke wa huyo mzoa taka, Troy. Kuna siku Troy anamwambia uani kwao kwamba atazaa na mwanamke mwingine, kisha anajitetea kuwa amesimama mahali pamoja miaka 18 bila kusogea. Rose anamjibu kwamba na yeye alikuwa amesimama papo hapo, kando yake, miaka yote hiyo. Tazama sinema yake ya 2016, mwanangu, na ukifika hapo usimame urudie. Machozi yanamtoka, makamasi yanateremka hadi mdomoni, na Viola hajifuti. Mwigizaji anayejitazama mwenyewe angeinua mkono. Yeye mkono hauinui kwa sababu Rose, kwa uchungu aliokuwa nao, hajui kama uso umelowa.

Uso ule haukupatikana siku ya kupiga picha. Mwaka 2010 Viola na Denzel Washington waliicheza tamthilia hiyo Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, zaidi ya mara 100, mara nane kwa wiki kama ilivyo desturi ya kule. Denzel alipokuja kuiongoza kama sinema, aliwarudisha karibu waigizaji wote wakubwa aliokuwa nao jukwaani. Kwa hiyo kamera ilipomsogelea Viola, ilimkuta na mhusika aliyekwisha kumjua kuanzia unyayo hadi utosi. Watu wanasema alipata Oscar, tuzo ya sinema, kwa sinema hiyo. Ni kweli, ila kazi ilifanyiwa ukumbini.

Sasa angalia tuzo zenyewe zilivyo. Rose wa 2010 alimpa Viola Tony, tuzo ya jukwaa, ya mwigizaji mkuu wa kike. Februari 2017 Rose yuyo huyo akampa Oscar, lakini ya mwigizaji msaidizi. Na tamthilia hiyo ilipoingia Broadway mara ya kwanza, mwaka 1987, Mary Alice alipata Tony kwa kumcheza Rose, naye akiwa katika kundi la wasaidizi. Mwanamke ni mmoja na maneno yake ni yale yale. Kilichobadilika ni kanuni za tuzo. Kwenye Tony huanza kwa kuangaliwa jina la mwigizaji limewekwa wapi kwenye tangazo, juu ya jina la tamthilia au chini yake. Kwenye Oscar wapigakura ndio huamua, na kampuni ya sinema huwa imeshawapigia debe kule inakotaka. Ndiyo maana sitaki umruhusu mtu akupimie nafasi yako kwa kusema wewe ni msaidizi.

Mengine ya tuzo nitayapitia haraka. Tony ni ya Broadway peke yake, kumbi za New York zenye viti 500 au zaidi, hivyo mtu aweza kufanya maajabu katika ukumbi mdogo mtaa wa pili na asihesabiwe. Emmy ni ya runinga, na mwigizaji anayewania hupeleka kipindi kimoja tu cha msimu mzima ndicho kipimwe. Oscar, waigizaji huteuliwa na waigizaji wenzao, kisha wanachama wote hupiga kura. Ni mabaraza matatu tofauti, kila moja na macho yake. Viola aliyapata yote matatu, wa kwanza katika Wamarekani weusi kufanya hivyo kwa uigizaji, na mwaka 2023 akaongeza Grammy, tuzo ya muziki na sauti, kwa kukisoma kwa sauti kitabu cha maisha yake.

Lakini miaka ya katikati ndiyo nataka uitazame. Amezaliwa 1965, akakulia Central Falls, Rhode Island, katika ufukara wa kulala na njaa. Alimaliza Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, mwaka 1993. Akaingia Broadway 1996 katika tamthilia nyingine ya August Wilson, akateuliwa kuwania Tony, asiipate. Tony ya kwanza ilikuja 2001. Sinema ilikuwa ikimpa vijisehemu tu, hadi mwaka 2008, akiwa na miaka 43, alipopewa onyesho moja katika sinema ya Doubt, iliyotokana na tamthilia ya jukwaani. Moja tu! Ni mama mwenye mtoto wa kiume shuleni, anatembea njiani na mtawa anayechezwa na Meryl Streep, wanazungumza, anaenda zake. Dakika chache hizo zikampeleka kuwania Oscar. Na kabla yake, mwaka 2005, Adriane Lenox alikuwa ameshapata Tony kwa kumcheza mama huyo huyo jukwaani. Waigizaji wawili, mama mmoja, onyesho moja. Ukinieleza tena kwamba umepewa mistari michache, nitakutuma ukaitazame njia ile wanayotembea.

Na runinga je? Baada ya Oscar kumpita tena kwa sinema ya The Help, alipocheza mtumishi wa nyumbani, hakuna aliyekuwa akimpangia nafasi ya mwanamke mwenye mamlaka, mwenye mapenzi, mwenye siri na makosa yake. Runinga ndiyo iliyompangia, mwaka 2014: Annalise Keating, wakili na mhadhiri wa sheria katika How to Get Away with Murder. Kuna usiku Annalise anakaa mbele ya kioo cha chumbani, anavua wigi, anabandua kope za bandia, anafuta vipodozi pole pole mpaka unabaki uso wake mtupu na nywele zake fupi za kipilipili. Ni mwanamke mweusi wa makamo, runinga ya usiku, mbele ya mamilioni. Mimi nilipoiona nilikaa kitako. Nimefundisha wasichana maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuona wakionyeshwa hivyo.

Mwaka 2015 akapewa Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike katika drama, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tangu tuzo hizo zianze 1949. Alisimama akaanza na maneno ya Harriet Tubman, mwanamke aliyewatorosha watumwa Marekani, kisha akasema kwamba kinachowatenga wanawake weusi na wenzao ni fursa tu, na kwamba hakuna atakayepata Emmy kwa nafasi ambazo hazikuandikwa. Alikuwa na miaka 50, na ufundi wake ulikuwa umekomaa zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika na mtu wa kumpa. Runinga ikampa, nami naishukuru kwa hilo.

Hata huyu wetu, Lupita Nyong'o, watu hukumbuka Oscar ya 2014 wakadhani ilimwangukia. Alimcheza Juliet na kundi la Phoenix Players pale Nairobi akiwa na miaka 14, akasomea uigizaji Yale, chuo kikuu cha Marekani, na Oscar akiwa nayo akarudi jukwaani na tamthilia ya Eclipsed, akateuliwa kuwania Tony mwaka 2016. Kama jukwaa lingekuwa la waliokosa pa kwenda, yeye angelirudia nini?

Nimekutazama ukiigiza, wewe wajua, hata pale nilipojibanza nyuma usinione. Ile siku ya ukumbi wa shule kule Kisauni, mvua ikipiga mabati, umeme ukaenda, na watoto wakaangua kicheko mhusika wako alipopewa habari ya msiba. Hukupaza sauti kuwashinda. Ulinyamaza, ukamtazama mmoja wao wa safu ya mbele, ukamngoja. Kicheko kikaisha upande ule, kikaisha na upande wa pili, ndipo ukasema neno lako, taratibu, na mvua ile ile, nami nikalisikia nikiwa mlangoni. Hilo hufundishwi mbele ya kamera, kwa sababu mbele ya kamera wakicheka unaambiwa rudia. Umelipata kwa kuzunguka na lile basi bovu na kubadili nguo kwenye maabara ya kemia.

Hapa kwetu tuzo zinazosemwa sana ni za Kalasha, na hizo ni za filamu na runinga. Nyinyi mnaoigizia watoto wa shule hamwitwi kwenye zulia jekundu. Inaniuma, na naamini ni dhulma, kwa maana nusu ya waigizaji wazuri wa nchi hii wamepitia kumbi hizo. Lakini usiondoke kwa ajili hiyo.

Nafasi ya runinga ichukue, mwanangu. Ichukue kwa furaha, na hiyo mistari michache uifanyie mazoezi kana kwamba tamthilia nzima ni yako. Kundi nalo usiliache. Waombe watu wa runinga tarehe kamili za kupiga picha, kwa maandishi, uzipeleke kwa kiongozi wa kundi mapema apange mtu wa kukushikia siku hizo. Siku zenyewe ni chache, hatashindwa. Kwenye mkataba tafuta kama kuna kifungu cha kukukataza kazi nyingine muda wote tamthilia inapoonyeshwa. Mara nyingi hukiweka, na mara nyingi mtu akiuliza kwa adabu hukipunguza kikawa cha runinga peke yake. Uliza pia malipo ya marudio.

Nipigie picha kurasa zote za mkataba unitumie kabla hujatia sahihi. Mjombako amesema ataupitia Ijumaa baada ya swala, na amenunua wino mwekundu kabisa.

Mamako